Kama Kuku

Kifuniko cha sanduku kimepinda pembe moja.
Roswitha anakitazama kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake.
"Mimi na michezo," anasema, "tuliachana shuleni."
Nje, Zwickau imezama katika theluji ya Februari,
bomba la joto linagonga ukutani, tak, tak,
na mezani kuna mkate wa zabibu kavu
alioukata vipande vinene mno kwa watu wawili.

Namwambia sheria ni tatu.
Zamu yako ikifika, ama uchukue ngano,
ama utoe ngano ununue kadi,
ama uendeshe ulichokwisha kukijenga.
Basi.
"Basi?"
Basi.

Anachukua punje moja, ya mti, ya manjano,
anaipima kidoleni kana kwamba ina uzito.
Zamu ya pili, punje moja. Ya tatu, moja.
"Huu ni mchezo wa kuku," ananung'unika.

Ndipo anaponunua gurudumu la maji,
kadi rahisi kuliko zote,
ile ambayo sisi wajuzi huipita bila kuitupia jicho.
"Linafanya nini?"
Kila ukichukua ngano, linakuongezea moja.
"Hata nikiwa nimelala?"
Hata ukiwa umelala.

Ananyamaza.
Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya mashine ya kusokota nyuzi,
yeye akiilisha mashine, mashine ikimlisha meneja.
Mitambo anaijua kwa masikio:
mkanda uliolegea, beringi inayolilia grisi.
Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wa kwake mwenyewe
ungeweza kukaa juu ya kitambaa cha meza,
kati ya chai na siagi.

Kinu juu ya gurudumu. Tanuri ubavuni mwa kinu.
Sasa punje mbili zinakuwa unga, unga unakuwa mkate,
mkate unarudi na sarafu, sarafu inaivuta kadi mpya,
na kadi mpya inalisukuma lile gurudumu la bei ya bure.
Anazigusa moja baada ya moja, akinong'ona.
"Ngoja. Usinisaidie."
Zangu ni sita, za gharama, zina picha za kupendeza,
na zimekaa kama mashemeji waliogombana:
hakuna inayoisemesha nyingine.

Raundi ya nane anazoa punje kumi na moja kwa mkupuo.
Anacheka.
Miaka minne naishi juu ya dari yake;
kicheko hicho hakijawahi kunifikia.

Lakini iko sheria ndogo, niliitaja haraka haraka:
kadi ya kumi ikishuka mezani, mchezo umekwisha.
Ameishusha bila kuhesabu.
"Zamu yangu tena!"
Hakuna tena. Umeshinda.
"Umekwisha vipi? Ndiyo kwanza unaanza kuimba!"

Sina jibu. Kila mgeni hulalamika hivyo,
nami nililalamika, halafu nikazoea:
michezo ya namna hii hukatwa pale pale inaponoga.

Anautazama mtambo wake uliosimama.
"Detlef alistaafu Ijumaa," anasema.
"Jumatatu asubuhi..."
Bomba linagonga.
"Vioo vya kibanda chake cha nyanya
viko ghalani mpaka leo, vimefungwa kwa magazeti."

Nahesabu alama, ili niwe na cha kuhesabu.
Arobaini na moja zake. Ishirini na sita zangu.
Nikiinua kichwa, amekwisha kurudisha punje kwenye kikombe,
anachanganya kadi vibaya, kama anayekanda unga,
mbili zinaanguka chini ya kiti na haziokoti kwanza.

"Safari hii nitaanza na gurudumu tena," anasema,
"ila hiyo ya kumi, itanisubiri."
Ananisogezea kipande cha mkate, kikubwa kuliko kile cha mwanzo.
"Haya, chukua ngano yako.
Moja moja.
Kama kuku."